Bomba Lisilosema

Mke wangu alikuwa na mpelelezi jikoni, na mpelelezi huyo nilimwingiza nyumbani mimi mwenyewe, kwa mikono yangu. Lilikuwa bomba. Bomba la kawaida la sinki, lenye kichwa cha kuzungusha na shingo fupi isiyofika katikati ya sufuria. Likifunguliwa lililia "kwiiii!" Likifungwa lililia tena, "kwiiii," kisha likamalizia na "tok!" kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuamua jambo. Chumba chetu cha kulala kimepakana na jiko, ukuta ni mmoja tu, na upande wa pili wa ukuta huo kuna mto, na juu ya mto kuna masikio ya Mama Pacha.

Masikio hayo niyaeleze kidogo. Kabla ya kustaafu, mke wangu alikuwa opereta wa simu katika ofisi kubwa, enzi zile simu zote za jengo zima zinapitia kwa mtu mmoja. Alikaa na visikilizio kichwani hadi akawa anamtambua mtu kwa jinsi anavyovuta pumzi kabla ya kusema haloo. Pacha wetu walipokuwa wadogo hawakuwahi kuiba kitu kabatini wakafika nacho mlangoni. Sasa wameoa na kuolewa, wametuachia nyumba yenye vikombe vingi kuliko midomo. Macho ya mama yao yamechoka na magoti yamegoma, lakini masikio, ndugu yangu, bado yako kazini.

Mimi nilikuwa mwalimu wa udereva. Hapa mtaani wananiita Breki, kwa sababu ndilo neno nililolitamka maishani kuliko jina la mtu yeyote. Nusu ya watu wanaopita barabarani wakipiga honi ovyo walifundishwa na mwingine. Wanaonyoosha gari vizuri ni wangu. Niliwafundisha kutazama, lakini zaidi niliwafundisha kusikiliza. "Gari linaongea," nilikuwa nawaambia. "Likipiga kelele linakuonyesha linapoumwa. La kuogopa ni lile lililonyamaza ghafla." Maneno mazuri hayo, na niliyasema kwa miaka mingi bila kuyasikia.

Ugomvi wangu na bomba ulianzia kwa daktari. Mwaka jana nilianguka jikoni. Nilianguka kidogo tu. Mama Pacha akiisimulia habari hiyo anatia na ambulensi, kumbe ilikuwa taksi, tena taksi ambayo mlango wake mmoja haukufunga sawasawa na nilimwambia dereva hivyo nikiwa nimelala kiti cha nyuma. Daktari alipima damu, akatikisa kichwa, akasema sukari imepanda mno, na kuanzia siku ile sukari yangu ikae dukani, isije nyumbani. Mama Pacha aliipokea amri ile kwa mikono miwili. Ikatoka sukari, ikatoka asali, ikatoka jamu. Hata wageni wakaanza kunywa chai bila sukari, na wageni wakapungua.

Basi mimi nikawa na kopo. Maziwa mazito ya kopo, yale matamu yanayoshuka kijikoni polepole kama yana mawazo. Kopo nililificha ndani ya kisanduku changu cha spana, chini ya kitambaa chenye grisi, mahali ambapo Mama Pacha hawezi kutia mkono wake. Baada ya chakula cha mchana, yeye akienda kujinyoosha kitandani, mimi naenda kujipatia kijiko. Kimoja tu. Siku za baridi, viwili.

Utasema, sasa bomba limeingiaje hapo? Limeingia kwa kijiko. Kijiko kilichotoka kwenye maziwa yale hakirudishwi kabatini hivi hivi. Utasema tena, si ungekilamba? Nilikilamba! Nilikilamba hadi nikajiona ndani yake, lakini sisimizi hawadanganyiki, na msafara wa sisimizi ukielekea kwenye droo ya vijiko ni sawa na kutoa tangazo. Ilikuwa lazima kioshwe. Nilikuwa nafungua bomba taratibu, kwa ncha za vidole, vile nilivyowafundisha watu kuachia klachi.

Kwiiii!

"Baba Pacha!" Sauti inatoka ukutani. "Unaosha nini?"

"Mikono."

"Mikono imefanya nini?"

Jamani. Mikono imefanya nini. Mtu anajibu nini hapo?

Asubuhi nako kulikuwa na lake. Mimi ndiye ninayeamka kwanza, najaza birika. Kwiiii! Na ukuta unauliza, "Upo?"

"Nipo."

Kwiiii, tok. Kisha kitanda kinalia, mwenzangu amegeukia upande wa pili, amelala tena. Kila siku ya Mungu: upo, nipo. Tabia hiyo aliianza mwaka jana, na ilinikera kuliko hata suala la mikono. Mtu yuko ndani ya nyumba yake, birika mkononi, maji yanatiririka, halafu anaulizwa kama yupo! Siku nyingine nilimjibu, "Sipo, nimesafiri." Alicheka, na kesho yake akauliza vile vile.

Kwa hiyo bomba lilipoanza kuvuja shingoni, nilihuzunika usoni na kushangilia tumboni. Tulimwita fundi. Fundi wetu anaitwa Kesho, na huhitaji kuuliza sababu. Alikuja siku aliyotaka yeye, akainama chini ya sinki, akagongagonga, akazungusha kichwa cha bomba huku kikilia, akatoka na jibu ambalo sikulitaka.

"Halijafa hili," alisema. "Lina kikohozi tu. Mpira wa ndani umeisha. Naweka mwingine, linaishi."

"Na kelele?" niliuliza.

"Kelele ni zake za kuzaliwa, mzee wangu. Lakini kelele za mlango hazimnyimi mwenye nyumba usingizi."

"Hata mimi hazininyimi," Mama Pacha alisema kutoka kwenye kigoda chake. "Zinanipa."

Hakuna aliyemuuliza ana maana gani. Mimi nilikuwa nimekwisha kupanda jukwaani. Nilisema rahisi ni ghali. Nilisema nyumba ya watu wazima haiwezi kuendelea kuwekewa viraka vya mpira. Nilisema wanetu wakija watatuona tumechakaa pamoja na mabomba yetu. Nilisema tunahitaji bomba la maana, bomba la ubora, bomba moja la kutuzika. Kesho alinitazama kama mtu anayeona ajali inakuja na yeye yuko upande salama wa barabara.

"Nunueni basi," alisema. "Mkishanunua mniite, nitakuja kesho."

Tukaenda dukani, mimi na mke wangu, mimi mbele na yeye nyuma kwa ajili ya magoti. Lilikuwa duka la vifaa vya ujenzi, na ukuta wake mzima ulikuwa mabomba. Mabomba yenye shingo ndefu za kujidai, mabomba meusi, mabomba ya rangi ya dhahabu, mabomba yanayovutwa yakarefuka hadi kwenye sakafu. Katikati kulikuwa na sinki lenye maji ya kweli na mabomba kadhaa yaliyounganishwa, ili mteja ajaribu mwenyewe. Muuzaji alikuwa mwanamume mnene mwenye tai na manukato ya kutosha watu watatu.

"Karibuni wazazi wangu!" alisema. "Mnatafuta nini? Hapa kila kitu ni bomba."

"Kila kitu hatukihitaji," nilimjibu. "Tunataka bomba tu."

Alicheka hadi tai ikayumba, akaanza darasa. Haki ya Mungu, darasa lilikuwa zuri. Alinipa bomba la kwanza mkononi, kisha la pili, akaniambia nipime uzito. La kwanza lilikuwa jepesi, bati lililopakwa mng'aro wa fedha. Mwaka mmoja tu, mng'aro unabanduka, kutu inachungulia. La pili lilikuwa shaba kamili, na lilinivuta kiganja chini. Akanionyesha kwamba ndani halina mpira wa kuisha, lina visahani viwili vya kauri vinavyotelezana, ndiyo maana mkono wake unainuliwa kwa kidole kimoja. Akanionyesha mdomo wenye chujio, maji yatoke laini yasiruke. Akanionyesha shingo ndefu inayozunguka, sufuria kubwa iingie chini yake bila kubembelezwa.

"Na sauti?" niliuliza, nikikohoa kidogo ili swali lionekane dogo.

"Sauti gani, mzee? Hili halisemi!" Akaliinua. Maji yakatoka. Akalifunga. Maji yakakatika. Sikusikia kitu, na moyo wangu ukaruka. Niliona mchana wangu wote uliobaki duniani, mimi na kijiko changu, na ukuta hauna la kusema.

Mama Pacha alikuwa amesimama kando ameshika ukingo wa sinki. Alikuwa hatazami shaba wala shingo. Alikuwa amefumba macho.

"Fungua tena," alimwambia muuzaji.

Alifungua.

"Umefungua?"

"Nimefungua, mama."

"Hili, mtu akiwa chumba cha pili, analisikia?"

Muuzaji alivimba kwa fahari. "Mama yangu, chumba cha pili? Wewe umesimama hapa hapa na hujalisikia!"

"Basi halifai."

Muuzaji alinigeukia mimi. Mimi nikaangalia bei ya mifuniko ya vyoo, nikaisoma kwa makini. Yule bwana hakuwa mtu wa kukata tamaa, akamjaribishia lingine, na lingine. Kila moja lilikuwa bubu kuliko mwenzake, na kila mara Mama Pacha alifumba macho, akasikiliza, akatikisa kichwa. Mwishowe alimuuliza waziwazi, "Huna linalopiga kelele?"

"Linalopiga kelele?"

"Ndiyo. Kelele ya kusikika."

Muuzaji alijikuna shingoni. Nadhani tangu aanze kazi wateja walikuwa wanamrudishia mabomba kwa kosa hilo hilo. "Yapo stoo," alisema kwa sauti ya chini, akiangalia kama bosi wake yupo karibu. "Yale mepesi. Watu waliyarudisha, yanalia. Nikupunguzie bei?"

"Lete."

"Usilete!" nilisema. Hapo nilipandisha sauti, wateja wakageuka. "Mama Pacha, tumekuja kununua kitu cha ubora, wewe unatafuta kilichoharibika? Nani duniani anaingia dukani kuomba kelele? Unataka bomba au unataka askari?"

Nilitegemea jibu, kwa sababu mke wangu hana upungufu wa majibu. Ndiye aliyekuwa akiwakata maneno mameneja kwa kubonyeza kitufe kimoja. Lakini alinitazama tu, akashusha macho kwenye lile bomba la shaba, akaupapasa mkono wa bomba, akauinua na kuushusha.

"Nunua unalolitaka," alisema.

Mwanamume akishinda mjadala na mkewe upesi namna ile, anatakiwa asimame pembeni akague matairi. Mimi nililipa nikatoka.

Muujiza wa kwanza ulikuwa ushindi ule, wa pili ulikuwa Kesho. Tulimpigia simu asubuhi na kufika mchana yuko mlangoni, spana mkononi, hata yeye mwenyewe akionekana ameshtuka. Alifunga koki ya nje, akalifungua bomba la zamani, nalo lilipotoka lilitoa mlio mmoja wa mwisho, mrefu. Mama Pacha alinyanyuka akatoka jikoni. Kesho alizungusha tepu nyeupe kwenye nyuzi za bomba jipya, akakaza, akafungulia maji, akainama na kupapasa chini kuona kama panavuja. Palikuwa pakavu. Lile la zamani akalitia mfukoni, nikamwambia achukue kwa furaha yake.

Siku ile ile mchana nilikula kijiko changu cha kwanza cha uhuru. Nilikiosha. Nilikiosha mara ya pili kwa raha ya kuosha tu. Ukuta ulikaa kimya, nami nikaona nimeingia peponi bila kupimwa damu.

Asubuhi iliyofuata nilijaza birika, na hakuna aliyeniuliza kama nipo. Nikatabasamu. Niligeuka kuliweka birika kwenye moto, nikaruka nusura nilimwage: Mama Pacha alikuwa amesimama mlangoni. Peku, khanga begani, mkono mmoja ameegemea fremu ya mlango. Alikuwa anahema.

"Vipi?" nilisema. "Unataka nini saa hizi?"

"Maji."

Nilimpa glasi. Alilowesha midomo, akaiweka, akarudi chumbani akiburuza miguu kando ya ukuta. Siku ya pili alikuja tena kutaka maji, na siku ya tatu tena, na glasi zilikuwa zinabaki zimejaa. Mchana nako akaacha kulala. Kila nikiingia jikoni nasikia slipa zake, shwa, shwa, shwa, kichwa kinachungulia, kinaondoka. Nilimuuliza kama magoti yamepona. Alisema hayajapona hata kidogo. Nikahitimisha, kwa akili yangu ya mwalimu, kwamba mpelelezi amefukuzwa kazi na sasa mwenye upelelezi ameingia doria mwenyewe. Nikaanza kubadilisha nyakati za kijiko.

Haikusaidia. Siku moja mchana nilikuwa nimefungua kisanduku cha spana, nimechota kijiko chenye kilima, nimekitia mdomoni chote, na nimefumba macho. Nilipoyafumbua, alikuwa mbele yangu. Nilitaka kusema kitu. Maziwa yale yakishakaa mdomoni hayatoi nafasi ya kusema. Niliweza kutoa "mmm" moja tu, na mpini wa kijiko ukatikisika hewani. Mficha kopo, kijiko humfichua.

Niliingoja mvua ya maneno. Sikuona hata wingu. Alikitazama kijiko, akalitazama kopo katikati ya spana, akanitazama mimi kuanzia miguuni hadi utosini, akashusha pumzi.

"Kumbe upo," alisema.

Kisha akakaa kwenye kigoda, akaanza kujisugua magoti kwa viganja vyote viwili. Macho yake yalikuwa na maji. Mke wangu halii. Nilimwona akilia mara chache mno, na hakuna hata mara moja niliyokuwa na kijiko mdomoni.

Nilimeza kwa shida. "Mama Pacha. Ni kijiko kimoja tu."

"Sisemi kijiko. Kijiko nilikijua tangu mwanzo. Mikono ya nani inaoshwa kila siku baada ya chakula, na chakula umekula kwa uma?"

"Sasa unalia nini?"

Alijisugua goti kwanza. "Siku ile ulipoanguka," alisema, "unajua nilijuaje?"

Sikujua. Kusema kweli sikuwahi kujiuliza. Nilidhani nilianguka na kishindo.

"Hukutoa kishindo chochote. Ulishuka taratibu kama nguo iliyotoka kwenye kamba. Mimi nilikuwa nimelala. Nilisikia bomba likifunguliwa, nikasema huyo, anajaza birika. Nikangoja lifungwe nigeuke nilale." Akaacha kusugua. "Halikufungwa, Baba Pacha. Nikangoja. Maji yanaenda tu. Ndipo nikainuka. Nilikukuta sakafuni, birika limeelea kwenye sinki, maji yanamwagika juu yako na wewe huna habari."

Bomba la ubora lilikuwa limenyamaza juu ya sinki, linang'aa.

"Kuanzia siku ile," alisema, "nikisikia limefunguliwa nakuuliza upo. Ukijibu, nangoja lifungwe. Likifungwa, nalala. Sasa hili lako halisemi. Nalala pale naangalia dari, sijui umeamka, sijui umeanguka, sijui nini. Nikiinuka kukuangalia magoti yanauma. Nisipoinuka moyo unauma. Nimeona afadhali magoti."

Nilijisikia vibaya, na sioni sababu ya kulisema kwa maneno marefu zaidi ya hayo. Gari la kufundishia lina breki mbili, moja ya mwanafunzi na moja ya mwalimu. Mwanafunzi anaendesha, anajiona bingwa, hajui kwamba mguu wa mtu mwingine uko tayari pale chini muda wote. Nilikuwa na breki ya pili nyumbani kwangu, nikaing'oa, nikalipa kwa kuing'oa, nikampa fundi aende nayo.

Nililifunga kopo nikampa. Alilipokea akalitazama ndani, akasema, "Karibu limeisha hili." Nikasema, "Ndiyo maana nakupa." Alinipiga begani kwa ule mkono wenye kopo, si kwa nguvu, akacheka huku anajifuta macho kwa khanga.

Jioni hiyo nilimfuata Kesho kwake. Nilimkuta uani, anapanga spana.

"Mzee wangu, linavuja?" aliuliza kwa hofu.

"Halivuji. Nataka ulifanye lipige kelele."

Aliweka spana chini. "Bomba la shaba? Lenye visahani? Lile jipya?"

"Lile lile."

"Mzee, mimi watu wananilaumu mengi, lakini wananilaumu baada ya kuharibu. Hakuna aliyewahi kuniita niharibu." Alifikiri kidogo, kwa heshima, kama anatafuta spana ya saizi hiyo. "Haiwezekani. Yale ya kauri hayana cha kulia. Yatakaa kimya mpaka mimi na wewe tutangulie."

"Basi nirudishie lile la zamani."

Hapo akashika masikio. "La zamani nimelifunga nyumbani kwa mama mkwe wangu. Tunakaa nyumba moja. Likilia asubuhi najua ameamka, mimi natokea mlango wa nyuma. Mzee wangu, niombe kitu kingine chochote, hilo siwezi kukupa. Hata kesho."

Nilirudi nyumbani mikono mitupu. Njiani nilifikiria kengele ya baiskeli, nikafikiria njuga, nikafikiria kuimba, lakini Mama Pacha aliniomba niache kuimba tangu pacha hawajazaliwa. Nililala bila jibu.

Asubuhi niliamka kama kawaida. Niliingia jikoni, nikachukua birika, nikaliweka chini ya ile shingo ndefu ya kujidai. Niliinua mkono wa bomba kwa kidole kimoja. Maji yakatoka, laini, bila neno. Nikasikia upande wa pili wa ukuta kitanda kikilia polepole, mtu anajikusanya ainuke, anatafuta slipa kwa mguu. Mimi ni mtu mzima. Nina wajukuu, watu wananiamkia barabarani, na nimewapa leseni watu ambao leo ni wakubwa. Nilivuta pumzi, nikaelekeza mdomo ukutani.

"Kwiiii!"

Kitanda kilinyamaza. Nikadhani nimejiaibisha bure. Kisha nikasikia kitu kama kikohozi, nacho hakikuwa kikohozi, alikuwa anacheka kwenye mto.

"Upo?" aliuliza.

"Nipo."

Birika lilijaa. Nikashusha mkono wa bomba, maji yakakatika, nikaliweka birika kwenye moto na kuanza kutafuta vikombe. Nilihisi ukuta bado unanisikiliza.

"Baba Pacha," alisema. "Mbona hujafunga?"

Niliviacha vikombe, nikarudi hadi kwenye sinki, nikasimama vizuri.

"Kwiiii," nilisema. "Tok."

Kitanda kikalia, akageukia upande wa pili, akalala.